Kinanda Kilichokwenda Mnadani

Mazoezi yalikuwa yamekwisha na watu walikuwa wakifunga vitabu vya nyimbo. Mwenyekiti wa kwaya akanijia, akaweka mkono juu ya kinanda chetu cha zamani kama mtu anayegusa mgongo wa ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa.

"Mzee, hiki sasa tufanyeje? Kikienda mnadani siku ya mavuno, utakasirika?"

Nikasema, "Kiende."

Sikumeza hata mate kwanza. Mke wangu hakuwepo siku ile. Alikuwa Kikwe kwa dada yake, wakipiga maharage. Ningeweza kusema, ngojeni mama arudi, na hakuna mtu katika kwaya ambaye angeshangaa, maana vidole vilikuwa vyangu lakini sauti ya kinanda kile ilikuwa yake zaidi kuliko yangu. Sikusema hivyo. Nilikuwa nimesimama karibu na kompyuta ambayo binti yangu alikuwa ameiletea kwaya, bado masikio yanavuma kwa nilichotoka kusikia, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Tena nilikuwa na tegemeo langu la siri. Kwetu, upande huu wa mlima Meru, kitu cha thamani kikinadiwa kanisani huwa hakiondoki. Mtu ananunua yai, anasema, "Narudisha," na yai linauzwa tena. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa na ukoo mzima, kila mmoja akimrudisha, mwishoni anapewa mchungaji au mjane fulani. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo. Nilijua mtu wetu mmoja atakinunua kinanda, atasema anakirudisha, watu watapiga vigelegele, nacho kitarudi kwenye kona yake na heshima mpya. Ndiyo maana nilikuwa mwepesi wa kukitoa. Nilikuwa natoa kitu ambacho nilidhani hakitaondoka.

Kinanda hicho kilikuja ndani ya sanduku la mbao, zawadi ya marafiki wa usharika kutoka ng'ambo. Wao walikuwa wamepata vipya. Binti yangu siku hizi anakiita sinthesaiza; sisi tulikiita kinanda, basi. Kilikuwa kizito, watu wanne walikibeba wakipumzika njiani. Juu ya funguo zake nyeupe na nyeusi kulikuwa na safu za vidude vya kuzungusha, kama vya redio za zamani, vingi kuliko ambavyo mtu mwenye akili timamu angevihitaji. Hakikuja na mtu wa kutufundisha. Nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa nimefika kidato cha nne na nilikuwa mtunza stoo ya kahawa, kwa hiyo watu waliamini najua mambo ya umeme. Muziki niliujua kwa do-re-mi za ubaoni tu.

Siku ya kwanza nilipokiwasha hakikutoa kitu. Nikazungusha kidude kimoja, kikanguruma. Nikazungusha kingine, ngurumo ikafunguka taratibu kama mlango, ndani yake mkatoka sauti nyembamba, halafu nyingi, halafu sauti moja pana iliyojaza kanisa mpaka kwenye bati. Niliinua vidole. Nilidhani nimeharibu.

Baadaye nilikifungua nikifuta vumbi, nikaona kilichomo: vipande vidogo vilivyochomewa juu ya bamba, nyaya, basi. Hakuna mtu aliyekuwa amerekodi sauti humo. Umeme wenyewe ulikuwa unatetemeka, na mtetemo huo ndio uliokuwa sauti. Kila nilipobonyeza, sauti ilizaliwa upya pale pale, kama moto unavyozaliwa kila unapowasha kuni. Nilikaa chini sakafuni nikiwa na kitambaa mkononi. Umri huu wote sijapata kuona kitu kingine cha chuma kilichonitisha kwa uzuri kiasi kile.

Hakikuwa na kumbukumbu. Ulivyoviacha vile vidude ndivyo utakavyovikuta, na mtoto akipita akavichezea, sauti ya Jumapili iliyopita imekwenda na hairudi. Sauti yetu tuliipata mimi na mke wangu mchana mmoja, kanisa likiwa tupu. Yeye aliimba sauti ya pili, sauti ile ya katikati ambayo wasikilizaji hawaisikii mpaka siku ikikosekana. Alisimama nyuma yangu akiguna wimbo mdomo umefungwa, mimi nikizungusha.

"Hapana," akasema. "Hicho ni kilio cha mbuzi."

Nikazungusha.

"Hao ni nyuki."

"Mama, kina vidude vingi hiki, nivumilie."

"Nakuvumilia. Rudisha kidogo. Umepita. Rudisha. Hapo." Akaweka kiganja juu ya mkono wangu. "Usiguse tena."

Aliguna tena, mimi nikashikilia funguo tatu, na sikuweza kujua sauti ya mke wangu inaishia wapi na ya kinanda inaanzia wapi. Alikuwa anacheka bila kuacha kuguna. Nikatumia kucha, nikakwaruza alama ndogo kando ya kila kidude, ili vikivurugwa tujue pa kuvirudisha.

Kilikuwa na udhaifu mmoja. Kilisumbuliwa na baridi. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukiwa umekaa juu ya migomba mpaka saa ya ibada, kinanda kiliamka kikiwa juu ya sauti yake, na kadiri kilivyopata joto ndivyo kilivyoshuka. Kwa hiyo niliwahi mapema kukiwasha, na mke wangu alikifunika kwa kitenge chake cha rangi ya udongo kama mtoto mwenye mafua. Wimbo wa kwanza wa ibada uliimbwa bila kinanda. Ikawa desturi ya kanisa letu, na wageni walipouliza, watu walisema, "Kinanda bado kinakunywa chai." Kikishakunywa chai nilikilinganisha na filimbi yangu ndogo, nikasahau habari ya joto mpaka Jumapili nyingine.

Tulikuwa na jambo jingine la kwetu. Katika nyimbo ndefu, beti za katikati tuliziimba kwa midomo mitupu. Niliondoa mikono, kwaya ikaendelea peke yake, kisha kwenye ubeti wa mwisho nikarudi na sauti zote. Tulikutana palepale kila mara. Watu wa sharika nyingine walikuja kusikiliza kukutana huko. Nilipongezwa sana. Nilizipokea pongezi zile na kuzitia mfukoni.

Kisha binti yetu akaleta kompyuta.

Yeye anaishi Moshono, na chumba kimoja cha nyumba yake amekitandika magodoro ukutani, anarekodi kwaya za watu. Kwaya yetu ilikuwa imeamua kurekodi nyimbo zake kwa mara ya kwanza, naye akaja na kompyuta mpakato, kinanda chepesi cha kuunganisha ambacho hakina sauti yake chenyewe, na spika mbili. Alivipanga juu ya meza ya kawaida. Nilikuwa nimekaa nimekunja mikono.

"Baba, njoo uguse."

Nikagusa. Kikalia kinanda cha mabomba cha kanisa kubwa la mawe, na baada ya kuinua kidole sauti ikaendelea kutembea juu ya kuta ambazo hazikuwepo. Niligeuka kutazama nyuma. Binti akacheka, akabonyeza mahali, na kidole kilekile kikatoa zumari. Akabonyeza, vikatoka vinanda vya nyuzi, watu wengi wakivuta pinde kwa pamoja. Akabonyeza, ikatoka ngoma, kayamba, kengele.

"Wamejificha wapi watu hawa?" nikauliza.

"Wengine walirekodiwa, noti moja moja. Wengine hawapo kabisa, baba, ni hesabu tupu. Inapiga hesabu upesi kuliko sikio linavyosikia."

"Na baridi?"

"Haijui baridi."

Akapiga sauti moja, akaihifadhi, akazima kompyuta, akaiwasha, akaipiga tena. Ilikuwa ileile. Mimi niliyekwaruza alama kwa kucha nikaona mashine isiyosahau, isiyohitaji chai, inayobebwa begani. Nilivua kofia. Sioni aibu kusema hivyo, na hata leo naamini ilistahili kuvuliwa kofia. Anayesema kompyuta ni muziki bandia hajakaa karibu nayo. Kosa langu halikuwa kuistaajabia. Nilifikiri mshangao mpya umefuta wa zamani, na katika hali hiyo ndipo nilipoulizwa lile swali.

Siku ya mavuno ilikuwa na jua. Ndizi zilikuwa zimepangwa nje ya kanisa, mikungu kwa mikungu, na mahindi, na maparachichi, na kondoo mmoja aliyekataa kusimama. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti kavu na utani mwingi.

"Yai hili! Mnaliona? Kuku aliyelitaga ni Mlutheri tangu babu yake!"

Likanunuliwa. "Narudisha!" Likanunuliwa tena. "Narudisha!" Kila mara vigelegele. Jogoo alikwenda na kurudi mpaka akachoka kupiga kelele.

Kisha kinanda kikatolewa, vijana wamekibeba, bado kimefunikwa kitenge. Mnadi akanipungia mkono. "Mzee, kionjeshe! Tusije tukauza sanduku."

Waya wa umeme ukavutwa kutoka kanisani, nikapiga sauti moja pana, ile yetu. Kondoo akatulia. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikatazama umati nikijiuliza ni nani kati ya ndugu zetu atakayekirudisha. Bei ikapanda. Watu wetu wawili walishindana, kisha wakaachia, kwa sababu mgeni mmoja aliyeketi viti vya mbele alikuwa amenyoosha mkono wala haushushi. Alikuwa mfanyabiashara wa Olasiti, amealikwa na rafiki yake, mtu mpole aliyevaa suti nzuri. Nyumbani kwao asili ni upande mwingine, dhehebu jingine. Mnadi akafunga. Tukampigia makofi. Tukangoja.

Akasimama. "Asanteni sana. Mungu awabariki."

Tuliendelea kungoja. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa tayari ameinua mkono mdomoni kwa ajili ya kigelegele.

"Kuna vijana wa kunisaidia kukipakia?"

Utamwambiaje mgeni, aliyelipa kwa moyo mweupe na kulichangia kanisa lako, kwamba alitakiwa kukiacha? Jambo ambalo kila mtu analijua halifundishwi, na yule hakuwa wa kwetu. Vijana walinitazama. Mimi nikatazama migomba. Wakakipakia kwenye gari lake, na kitenge cha mke wangu kikaondoka nacho, kikipepea pembe moja nje ya bodi mpaka gari lilipokata kona.

Mke wangu alirudi kutoka Kikwe na gunia la maharage na vumbi la tambarare kwenye nyusi. Nilimpokea gunia. Alikunywa maji, akaniuliza mavuno yalikuwaje. Nikamwambia yalikuwa mazuri, kisha nikamwambia kinanda kilikwenda mnadani.

"Nani alikirudisha?" akauliza. Alikuwa anavua viatu.

"Hakikurudi."

Akainua uso. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu.

"Hakikurudi namna gani?"

"Alinunua mgeni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

Akavua kiatu cha pili, akavipanga viatu vizuri kando ya mlango. Akasema, "Sawa, baba." Akaenda kumpelekea ng'ombe maji. Nilishukuru kwamba haikuwa vibaya zaidi ya hapo. Baada ya ndoa ndefu namna ile nilipaswa kuijua ile "sawa."

Mazoezi yaliyofuata tulifanya na kompyuta. Binti alikuwa mezani, mimi kwenye kile kinanda chepesi. Tukaimba wimbo wetu mrefu. Sauti zilikuwa safi kama maji ya mfereji asubuhi. Nikaondoa mikono, kwaya ikaingia beti za midomo mitupu, na uso wangu ulikuwa tayari umeanza kutabasamu kwa ajili ya kukutana. Nikarudi.

Hatukukutana. Kompyuta ilikuwa juu, kwaya ilikuwa chini, na katikati yao palikuwa na mwanya unaouma meno. Vijana wakaangua kicheko.

"Tumeanguka shimoni!" akasema mmoja wa besi.

Tukarudia, tukaanguka tena. Binti akaweka vipaza sauti, akatuimbisha, kisha akatuonyesha kwenye skrini: mistari ya rangi, kila kundi la sauti na mstari wake. Ilikuwa ajabu kuona sauti imechorwa, inapanda na kushuka kama mgongo wa mlima. Mstari mmoja ulikuwa unainama kidogo kidogo kuanzia ubeti wa pili, na mingine inaufuata.

"Ni sauti ya pili," binti akasema. Akasikiliza. Akasita, maana ni mtoto mwenye adabu. "Mama, samahani. Ni wewe unayeshuka."

"Mimi?" Mke wangu akacheka. "Basi mwambie kinanda anifuate."

Watu wakacheka naye. Tukaimba tena. Akashuka tena, na kwaya nzima nyuma yake, kama mbuzi nyuma ya kiongozi wao. Safari hii hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilikuwa naona haya mbele ya vijana, mbele ya mashine, na zaidi nilikuwa naona haya kwa ajili ya kile kitenge.

Nikasema, "Mama, fuata kinanda. Hiki hakikosei."

Alinitazama kidogo. Akaimba mpaka mwisho wa wimbo, sauti ndogo, akijichunga. Kisha akafunga kitabu. Jumapili iliyofuata aliketi kwenye benchi za akina mama wengine, upande wa dirisha. Kwaya ilipoimba alituangalia kwa upole. Mdomo ulikuwa umefungwa. Wakati wa nyimbo za usharika wote, mdomo ulikuwa umefungwa.

Nilidhani ni hasira, na hasira niliijua dawa yake: muda. Tukarekodi Moshono, kwenye kile chumba cha magodoro. Nyimbo zilitoka nzuri, watu wanazo kwenye simu mpaka leo. Ukizisikiliza utasikia kila mtu wa kwaya yetu isipokuwa mmoja.

Muda ulipopita bila kuleta dawa, nilikwenda Olasiti kukitafuta kinanda. Yule mfanyabiashara alinipokea kwa heshima zote, shikamoo mzee, karibu chai. Akaniambia alikaa nacho sebuleni, watoto wakakichoka, kisha akafika mgeni wake mmoja kutoka nchi za nje.

"Mzee, ungemwona. Alikipigia magoti. Alizungusha vile vidude akawa analia kama aliyefiwa. Nikampa. Ningemnyimaje?"

"Na kitenge?"

"Kitenge gani?"

Nikamwambia hakuna neno. Akanisindikiza mpaka barabarani. Sikumchukia. Nilifikiria yule mtu wa mbali aliyelia, nikaona kwamba yeye alikuwa amejua kwa mchana mmoja kitu ambacho mimi nilikaa nacho miaka na kukitoa kwa neno moja.

Mwaka huu, kipindi cha baridi, binti alipanda kututembelea na kompyuta yake. Akakaa nami barazani, akaifungua juu ya magoti.

"Baba, funga macho. Haya, fungua."

Kwenye skrini kilikuwa kinanda chetu. Namaanisha kile kile: safu za vidude, swichi, rangi ya mbao za pembeni, hata ule mchoro mdogo kwenye kona ambao nilidhani ni mimi tu ninayeukumbuka. Watu fulani ulimwenguni walikuwa wamekaa na kinanda cha aina ile, wakasikiliza kila kipande cha ndani yake kinavyofanya, wakakigeuza hesabu, kipande kwa kipande. Nilinyoosha mkono nikagusa kioo. Kilikuwa laini. Nilikuwa natafuta alama za kucha zangu.

Akanipa kile kinanda chepesi. Vidole vyangu havikuhitaji kufikiri. Nikamwelekeza, hicho zungusha, hicho nusu, rudisha, umepita, rudisha. Na sauti yetu ikatoka pale barazani, pana, yenye ukungu ndani yake. Kuku waliinua shingo.

"Na hiki hapa," binti akasema, "ni cha uzee. Ukikizungusha kinachakaa. Sauti inayumba kama ya mashine ya zamani."

"Watu wametengeneza uzee?"

"Na wengine wanaununua, baba."

Tulicheka sana. Nikamwambia akizungushe, nikamweleza jinsi chetu kilivyofanya: kinaanza juu, kinashuka kwa joto, na si kuyumba ovyo. Akahangaika na mipangilio mpaka akapata kitu kama kile. Nikashikilia sauti. Ikaanza kushuka, polepole kiasi kwamba ukiwa mvivu husikii.

Binti akakunja uso. "Kilikuwa kinashuka hivi mpaka lini?"

"Mpaka kipate joto. Baadaye nilikilinganisha, kikatulia."

"Kitatuliaje, baba? Kanisa la bati, jua linatoka, watu wanajaa, mlango unafunguliwa. Kilikuwa kinatembea ibada nzima." Akanigeukia. "Sasa mlikuwa mnakutanaje kwenye ubeti wa mwisho?"

Mikono yangu ilikuwa bado juu ya funguo. Sauti ilikuwa bado inashuka. Nikaona kila kitu kwa pamoja, kama unavyouona mlima wote ghafla ukungu unapofunguka. Kinanda kilikuwa kinashuka ibada nzima na mimi sikuwahi kusikia. Mke wangu alisikia. Kila Jumapili, kwenye beti za midomo mitupu, alijua kinanda kilichonyamaza kitakuwa kimefika wapi kikirudi, na aliiteremsha kwaya nzima mpaka pale, kwa upole, bila yeyote kujua, ili nikirejesha mikono tukutane. Mstari ule ulioinama kwenye skrini ulikuwa huo. Alikuwa anafanya kazi aliyoifanya siku zote, mbele ya mashine ambayo haikuihitaji, na mimi, niliyepokea pongezi zake zote, nikamwambia kinanda hakikosei.

Sijawahi kusikia habari ya mwanadamu mwenye sikio kama lile. Nililala nalo nyumba moja.

Nikamwita. Akatoka jikoni akifuta mikono.

"Sikiliza," nikasema, nikapiga sauti yetu.

Alisimama. Uso wake ulifunguka taratibu. Akasogea, akainama kutazama skrini, akatazama vidude vilivyochorwa, akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, kama mchana ule.

"Ni chenyewe," akasema. "Jamani. Ni chenyewe! Wamekitoa wapi?"

"Mama," nikasema, "nimejua leo. Ni wewe uliyekuwa unatukutanisha. Kinanda kilikuwa kinashuka na wewe ulikuwa unakijua. Nilikukosea mbele ya watu."

"Ulikuwa hujui?" Alishangaa kwa kweli. "Mimi nilidhani unajua. Nilidhani tunafanya wote."

Neno hilo liliniuma kuliko kama angenilaumu.

"Imba basi, mama," binti akasema. Alikuwa amekwisha kuwasha kipaza sauti, nilimwona. "Kidogo tu. Guna tu."

Nikashikilia zile funguo tatu. Mke wangu akavuta pumzi. Niliona kifua chake kikijaa, niliona midomo ikijiweka. Kisha pumzi ikatoka tupu. Akatikisa kichwa, anatabasamu, macho yamelowa kidogo.

"Haiwezekani, baba. Si hasira. Hasira iliisha zamani. Nikitaka kuanza tu, najisikia nimeshuka."

"Lakini hukuwa umeshuka."

"Najua. Umeniambia sasa hivi. Sikio limesikia, koo halijasikia." Akakung'uta kanga yake. "Zimeni mashine yenu, loshoro inapoa."

Tukaenda kula. Loshoro ilikuwa nzuri, kama anavyoipika siku zote, na alimtania binti kwamba mtu wa Moshono amesahau kushika kata. Yuko mzima mke wangu. Tunaishi vizuri, tunacheka, tunagombana kuhusu ng'ombe. Binti amehifadhi ile sauti ya kinanda, na itakuwa ileile siku yoyote atakayoifungua, hata sisi tukiwa hatupo. Sauti ya mke wangu, iliyokaa ndani yake, haikuhifadhiwa popote. Nilisema "kiende" bila kumngoja, na neno hilo lilinigharimu kuimba kwa mke wangu. Hajaimba tangu siku ile, kanisani wala jikoni, na hataimba tena.